Gilman au ABC No Rio: mkitaka ukumbi wenu, muige nani?

Kwa wengi wetu panki ni mtindo wa kunyoa. Muziki wenye jina hilo tulikuja kuujua baadaye, na mara nyingi kupitia bendi ya Green Day. Nianze basi na tahadhari: si lazima uupende muziki huu ndipo ulinganisho huu ukufae. Bendi nyingi nitakazozitaja hapa mimi mwenyewe zikifika dakika ya kumi napunguza sauti. Kinachonivuta ni kumbi zao. Miaka ya tisini, vijana wasio na mtaji wala mdhamini, wengine hawajafikisha hata umri wa kupiga kura, waliendesha kumbi mbili huko Marekani ambazo zimeishi kuliko biashara nyingi za burudani zilizokuwa na fedha. Kama mko kwenye kikundi kinachohangaika kupata mahali pa kupigia muziki, maswali yanayowasumbua ndiyo yaliyowasumbua wao.

Ukumbi wa kwanza ni 924 Gilman Street, mjini Berkeley, California. Waliouzoea huuita Gilman basi. Wa pili ni ABC No Rio, 156 Rivington Street, upande wa Lower East Side, New York. Ukizitazama kwa mbali ni mapacha: wafanyakazi wote wa kujitolea, watoto na watu wazima wanaingia mlango mmoja, bendi za kibaguzi hazipewi jukwaa. Ukisogea karibu, kila moja ilikuwa na ugonjwa wake. Gilman walipoteza usingizi kwa ajili ya mlango, yaani nani aingie na kwa masharti gani. No Rio walipoteza usingizi kwa ajili ya paa, yaani jengo hili ni la nani. Mengine karibu yote yanatoka hapo.

Kwa nini zilihitajika

Marekani huuziwi pombe mpaka utimize miaka 21. Na ukumbi wa muziki wa kawaida hauishi kwa kiingilio, unaishi kwa kaunta. Mwenye baa akipiga hesabu zake, kijana wa miaka 16 ni hasara tupu: anajaza nafasi, hanunui bia, na akikutwa ndani na glasi mkononi leseni iko hatarini. Kwa hiyo muziki uliotungwa na watoto wa sekondari ulikuwa ukipigwa mahali ambapo watoto wa sekondari hawaingii.

New York walikuwa wamepata njia ya katikati, shoo za mchana. CBGB, baa maarufu ya mtaa wa Bowery, ilikuwa na shoo za Jumapili mchana ambazo vijana waliruhusiwa. Ni kama disko toto yetu ya Idd na Krismasi, ila badala ya soda na pipi kulikuwa na ngumi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini vurugu zilikuwa zimezidi kiasi kwamba watu wapole walianza kukaa nyumbani, na baadaye shoo zenyewe zikasimamishwa.

Kumbi zetu mbili ni majibu mawili kwa tatizo hilo. Zote ziliamua kuachana na kaunta. Lakini ukiachana na kaunta umeachana na mapato, na hapo ndipo zikaanza kutofautiana.

Gilman: kadi ya dola 2

Gilman ilifunguliwa usiku wa Desemba 31, 1986. Aliyeisukuma zaidi ni Tim Yohannan, mhariri wa jarida la Maximumrocknroll, na sehemu kubwa ya fedha za kuanzia ilitoka kwenye jarida hilo. Walichagua eneo la maghala na karakana, na jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa duka la vifaa vya kusuka viti vya henzirani. Uchaguzi wa akili huo. Duka la henzirani likishafunga jioni, hakuna wa kugonga mlango saa tano usiku akisema mtoto hawezi kulala.

Kuingia ulihitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kiingilio cha usiku huo, ambacho miaka ya tisini kilikuwa kwa kawaida dola 5. Cha pili ni kadi ya uanachama, dola 2 kwa mwaka. Hizo dola 2 zimenifikirisha kuliko kitu kingine chochote kwenye habari hii. Haziwezi kulipa pango, wala haziwezi kununua spika. Kazi yake ni nyingine. Mtu akishatoa dola 2 akapewa kadi, si mteja tena. Mteja akivunja kioo unaita polisi. Mwanachama akivunja kioo unamwita kwenye mkutano. Waliowahi kukaa kwenye kikoba wanaijua hesabu hii: ada ya kujiunga ni ndogo, lakini bila hiyo huna wa kumtoza faini.

Masharti yaliandikwa ukutani kwa rangi, asitokee wa kusema hakuambiwa. Hakuna pombe, hakuna dawa za kulevya, hakuna vurugu, hakuna ubaguzi wa rangi, hakuna kudharau wanawake, hakuna chuki kwa wapenzi wa jinsia moja. Mistari michache tu. Mlangoni walikaa wanachama wenyewe, ulinzi ulikuwa wa wanachama, mitambo ya sauti hivyo hivyo, na ufagio pia. Mambo makubwa yaliamuliwa kwa kura kwenye mkutano wa wanachama, na kura ya kijana aliyejiunga juzi ilihesabiwa sawa na ya mkongwe. Mikutano ya namna hiyo inachosha, nadhani kila aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua, lakini ndiyo iliyookoa ukumbi.

Maana mwaka 1988 Yohannan alichoka. Mwezi Septemba yeye na wenzake wa jarida wakaamua basi, ukumbi ukafungwa. Haikupita miezi mingi wanachama wengine wakaufungua tena, safari hii bila fedha za jarida. Hapa ndipo naipa Gilman alama ambazo No Rio hawawezi kuzifikia: mwanzilishi aliondoka na ukumbi ukabaki. Ni vikundi vingapi mnavijua ambavyo mwenyekiti akisusa, anaondoka na funguo, daftari na spika?

Kilichozalishwa pale kinajulikana. Bendi ya Operation Ivy walianza mwaka 1987, wakapiga shoo yao ya mwisho palepale Mei 1989, na mpaka leo watu wanaimba nyimbo zao kana kwamba zimetoka mwezi uliopita. Neurosis, Crimpshrine na Isocracy ni wa pale. Lebo ndogo, yaani kampuni ya kurekodi muziki, ya Lookout Records, iliyoanza mwaka 1987, iliishi kwa kurekodi bendi za ukumbi huo. Miaka ya tisini jukwaa lile lilibeba Spitboy, bendi ya wanawake watupu, na Pansy Division, walioimba waziwazi mapenzi ya wanaume kwa wanaume wakati ambapo kwenye kumbi nyingine za panki jambo hilo lingekuletea kipigo. Halafu kulikuwa na vijana watatu walioitwa Sweet Children. Mwimbaji wao, Billie Joe Armstrong, alikuwa na miaka 16 walipoanza kupiga pale mwaka 1988. Baadaye wakabadilisha jina, wakawa Green Day.

Mlango unapombana mwenye nyumba

Kulikuwa na sharti jingine: bendi yenye mkataba na kampuni kubwa ya muziki haipandi jukwaa la Gilman. Mwaka 1993 Green Day walisaini na Reprise, lebo ya Warner. Mlango ukafungwa. Februari 1994 ikatoka albamu ya Dookie, ambayo imeuza zaidi ya nakala milioni 10 ndani ya Marekani peke yake. Hebu fikiri: ukumbi wa kiingilio cha dola 5, choo chake kinavuja, unamkatalia mtoto wake anayejaza viwanja. Kwetu tungeitisha mkutano wa dharura tubadilishe katiba kabla jua halijazama. Wao walishikilia. Green Day walikuja kupiga pale tena Mei 2015, kwenye shoo ya kuwachangia wachapaji walioathiriwa na moto.

Nimebadilisha mawazo mara mbili kuhusu sharti hili. Kwanza nililiona ukaidi wa watoto. Kisha nikaona kazi yake. Baada ya Dookie, kampuni kubwa zilikuwa zikimwinda kila mwenye gitaa pande zile, na ukumbi ungeweza kugeuka chumba cha usaili. Sharti lilihakikisha kwamba wiki hii, na wiki ijayo, kuna nafasi ya bendi ambayo hakuna anayeijua.

Gharama yake ilionekana Mei 1994. Jello Biafra, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Dead Kennedys, alishambuliwa ndani ya Gilman na watu waliomwita msaliti aliyejiuza. Mguu ulivunjika. Biafra huyu ndiye aliyekuwa akiendesha Alternative Tentacles, lebo huru isiyo ya kampuni kubwa. Yaani chini ya ukuta ulioandikwa hakuna vurugu, mtu alivunjwa mguu kwa tuhuma ya kuvunja maadili ya panki. Mkiiga masharti ya Gilman, jiandaeni kuyaeleza kila mwezi, maana sharti lisiloelezwa humpa kila mwenye hasira cheo cha hakimu.

ABC No Rio: paa kwanza

Kabla sijaingia Rivington, niseme kwa nini suala la paa linanigusa. Kikundi chetu kiliwahi kukodi ukumbi wa harusi kwa shoo za Jumapili mchana, siku ambazo haukuwa na kazi. Shoo mbili za kwanza hazikuwa na watu, na mwenye ukumbi alikuwa rafiki yetu. Ya tatu ikajaa. Ya nne bei ilikuwa imepanda mara tatu, na ya tano haikuwepo. Mngekuwa na kadi, masharti na kura za Gilman zote, zisingewasaidia chochote.

No Rio walianza na jengo, muziki ukaja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya sabini jiji la New York lilikuwa limejirundikia majengo matupu, liliyoyatwaa kwa wenye nyumba walioshindwa kulipa kodi za majengo. Siku ya mwaka mpya wa 1980 kundi la wasanii lilifungua maonyesho ndani ya jengo moja la jiji lililokuwa limeachwa, Delancey Street, bila kumwomba mtu ruhusa. Mada ya maonyesho yenyewe ilikuwa ardhi na nyumba. Polisi wakayafunga mara moja, magazeti yakaandika, jiji likaona aibu, na baada ya mazungumzo wasanii wakapewa jengo jingine, lile la Rivington. Jina walilipata ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na kibao cha Kihispania cha wakili, Abogado Con Notario, ambacho herufi zake nyingine zilikuwa zimepotea, zilizobaki zikasomeka Ab C No Rio.

Miaka kumi ya kwanza ilikuwa ya michoro na mashairi, katikati ya mtaa ambao heroini iliuzwa kama karanga. Panki iliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa mlango wa shoo za Jumamosi mchana. Walioanzisha walikuwa wamechoshwa na ngumi za CBGB, ambayo ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Bendi kama Born Against, Citizens Arrest na Rorschach zilikulia hapo: muziki wa kasi, mkali, na maneno ya siasa mengi kuliko ya mapenzi.

Angalieni walivyochuja. Gilman walimchuja mtazamaji kwa kadi. No Rio waliichuja bendi. Ukiwa mbaguzi wa rangi, ukiwa unatukana wanawake au wapenzi wa jinsia moja kwenye nyimbo zako, hupangiwi tarehe, basi. Hoja yao ilikuwa kwamba watu hufuata bendi; usipoileta bendi ya wagomvi, wagomvi wenyewe hawatajisumbua kuja. Ni njia rahisi zaidi kuiendesha, haihitaji kadi wala daftari la wanachama. Lakini inawapa wapangaji wachache mamlaka makubwa, na mtu asiyewapenda wapangaji hana pa kukata rufaa.

Mwaka 1994 jiji lilianza taratibu za kuwaondoa. Wao wakajibu kwa namna ambayo Gilman hawakuwahi kuhitaji: watu walihamia ghorofa za juu wakaishi humo, jengo lisibaki tupu hata usiku mmoja. Zikafuata kesi na maandamano. Mwaka 1997 jiji likakubali kuwauzia jengo kwa dola 1, kwa masharti mawili mazito: waliohamia juu watoke, na kikundi kitafute fedha za kulikarabati jengo lote liwe kituo cha jamii.

Hapa pana uamuzi mgumu ambao wanaosimulia habari hii kwa furaha huuruka. Waliolilinda jengo kwa kulala ndani yake ndio walioambiwa wahame ili jengo lipatikane. Walihama. Vyumba vyao vikawa chumba cha giza cha kusafishia picha, karakana ya kuchapa fulana na mabango, chumba cha kompyuta, na maktaba ya maelfu ya vijarida vya kujichapishia, vile vya kudurufu na kubana kwa pini. Jikoni wakapikia chakula cha kugawa bure. Kijana aliyekuja kusikiliza bendi Jumamosi angeweza kurudi Jumanne kujifunza kuchapa fulana ya bendi yake. Gilman ilikuwa na nini siku za Jumanne? Ukumbi mtupu na goli la mpira wa kikapu.

Hati ya jengo ilikamilika mwaka 2006, miaka tisa baada ya ahadi. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, CBGB ilifungwa baada ya mgogoro wa pango. Baa yenye jina dunia nzima iliondoka kwa kuwa ilikuwa mpangaji, na kale kajumba ka Rivington kenye ngazi za kutisha kakabaki na wenyewe.

Lakini msishangilie haraka. Jengo lilikuwa limechoka kupita kiasi cha kukarabatiwa. Mwaka 2017 lilibomolewa ili lipandishwe jipya linalohitaji mamilioni ya dola, na shoo zikaendelea kwa kuhemea kumbi za watu. Wakati huohuo Gilman, mpangaji tangu siku ya kwanza, ilikuwa bado ndani ya jengo lilelile. Mwenye paa alikosa pa kupigia, mpangaji akawa napo. Ndiyo maana simwamini anayesema suluhisho ni kumiliki tu.

Basi muige nani

Kama mlicho nacho ni watu, yaani vijana hamsini wenye hamu na hakuna jengo, igeni Gilman. Tafuteni eneo ambalo usiku halina wakazi, mwenye nyumba ambaye biashara yake hufungwa jioni, na anzeni na kadi. Kadi iwe ya bei ambayo hata asiye na kazi ataimudu. Masharti yasizidi yale yanayosomeka mtu akiwa amesimama mlangoni. Na wekeni mkutano wenye kura mapema, kabla mwanzilishi hajachoka, maana atachoka.

Kama mlicho nacho ni jengo, hata bovu, la halmashauri, la shirika, la mzee wa mtu, igeni No Rio. Hapo muziki peke yake hautoshi kulitetea. Kilichowasaidia No Rio mbele ya jiji ni kwamba mahali pale palikuwa na kazi kwa watu wasiojali gitaa hata kidogo. Leteni cherehani, leteni mashine ya kudurufu, leteni darasa la jioni. Siku ya kuja kutolewa, mama anayeleta mwanawe darasani atasimama nanyi; shabiki wa bendi atapiga picha na kuondoka. Hesabuni pia muda: kutoka kesi hadi hati iliwachukua miaka kumi na miwili, na waliokuwa na miaka ishirini wakati wa kesi walikuwa na watoto wakati wa hati.

Kama mna vyote viwili, mna bahati, na ningechanganya: kadi ya Gilman, karakana za No Rio. Kuhusu sharti la kampuni kubwa, ningeliacha. Hilo lilikuwa jibu la Berkeley kwa shida ya Berkeley. Kwingine msanii anayetoka akafanikiwa ndiye atakayenunua jenereta.

Jambo moja msiige kwa yeyote kati yao, nalo ni choo. Wote waliopita pale, upande huu na ule, wanasimulia choo kabla ya muziki.

Kwa walioko Marekani na wanaotaka kuona kwa macho: Gilman iko kona ya mtaa wa Nane, Berkeley, shoo nyingi huwa mwisho wa wiki. Nendeni mapema mkutane na watu wa mlangoni, wao ndio wenye habari. Ukipewa ufagio baada ya shoo, usikatae.